Bei ya Kufukuzia

Mbwana wa Kwamlosa alianza udalali wa ng'ombe mnadani kabla ndevu zake hazijaota vizuri. Siku hizi magoti yamemgomea na habari za mnada anazipata kwa kusimuliwa, lakini ulimi wake haujastaafu. Msalimie tu, akishaitikia atakuuliza shati hilo umelinunua kwa ngapi, kisha atakuambia umepigwa. Mkewe, Kuluthumu, husema kwamba hata siku wazee walipojadili mahari yao, Mbwana alishindwa kukaa kimya kama bwana harusi mwenye adabu. Alidakia akaomba apunguziwe, na akapunguziwa. Kuluthumu hajamsamehe mpaka leo, ingawa anapolisimulia jambo hilo anacheka mpaka anashika mbavu.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuja kuulizwa bei ya chemchemi. Hata mimi ningekuwepo ningemziba mdomo kwa kanga.

Kwamlosa ni kijiji cha vilimani, huko Kondoa, ambako makorongo mekundu yamekula mashamba hadi yakafika nyuma ya vyoo vya watu. Mvua ikinyesha, maji hupita mbio na udongo wao wala hayaagi. Kinachowaweka watu pale ni chemchemi moja iliyo juu ya kilima, katikati ya miti mikubwa, chini ya mwamba mweusi. Jina lake Juu. Wenyewe hawakujisumbua kutafuta jina jingine. Mwanamke akibeba ndoo akasema, "Naenda Juu," hakuna wa kumwuliza juu wapi. Watoto wa Kwamlosa wanaogeshwa kwa maji ya Juu siku wanapozaliwa, na maiti wa Kwamlosa huoshwa kwa maji hayo hayo kabla ya sanda. Hata ule mwaka ambao ng'ombe walikuwa wakianguka njiani kwa kiu, Juu haikukauka.

Na msimamizi wa kamati ya kuitunza alikuwa Mbwana. Kazi hiyo aliipenda kuliko alivyopenda mnada. Ukifulia nguo pale Juu alikutoza faini. Ukikata hata kijiti cha kuchokonolea meno alikuita kwenye kikao. Watu walimnung'unikia, kisha wakamchagua tena.

Violeth alifika wakati wa kiangazi, binti mwembamba mwenye kofia pana, pamoja na wenzake wawili ndani ya gari la kampuni moja ya ushauri iliyoko Dodoma mjini. Mwenyekiti wa kijiji, Abdulrahim, aliwatambulisha kuwa ni wataalamu wa mazingira, na watu wakafurahi, wakadhani Juu inakuja kujengewa uzio. Wageni wakagawana nyumba. Walimhoji kila mtu peke yake, mke mbali na mume, wakiandika majibu kwenye simu pana kama sahani.

"Shikamoo, mzee," Violeth alisema alipofika kwa Mbwana.

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti. Hiyo simu umeinunua kwa ngapi?"

"Ni ya ofisi, mzee."

"Basi ofisi imepigwa."

Wakacheka. Binti akamwuliza mambo mengi: wanachota ndoo ngapi, mifugo inanyweshwa wapi, kuni wanatoa wapi. Mbwana alijibu yote, tena kwa kujidai. Ndipo binti akakaa vizuri, akasema, "Mzee, tuseme tu kwa mfano. Tuseme chemchemi ya Juu haitakuwepo tena. Ungetaka ulipwe kiasi gani ndipo uridhike?"

Mbwana hakulipenda swali hilo hata kidogo. Lakini alikuwa amezeekea mnadani, na mnadani kuna dawa ya mnunuzi wa namna hii. Utamkuta mtu na ng'ombe wake asiyetaka kumwuza, halafu anakuja mnunuzi asiyesikia la mwadhini wala la mteka maji. Ukimwambia hauzwi, anadhani unapandisha. Hapo unamtajia bei ya kichaa, bei ambayo hata mwenye mabasi hawezi kuitoa, ili asonye aende zake. Madalali wanaiita bei ya kufukuzia.

"Milioni mia tano," Mbwana akasema. "Hiyo ni yangu mimi peke yangu. Majirani wana zao."

Akangoja msonyo. Violeth hakusonya. Alibonyeza simu yake, akainua uso, akatabasamu kwa uchovu.

"Sawa. Asante sana, mzee," akasema, akanyoosha mkono.

Mbwana akaupokea, kwa kuwa alilelewa. Mkono ulipokuwa ndani ya mkono ndipo akakumbuka sheria ya mnadani.

Mnadani hakuna karatasi. Ukitaja bei, mwenzako akasema sawa, mkashikana mikono, ng'ombe ameondoka. Huwezi kusema ulikuwa unatania. Mbwana alishuhudia kwa macho yake Silvano, Mgogo mmoja aliyekuwa akiswaga ng'ombe kutoka pande za Bahi, akikodolewa macho kwa ajili ya dume lake la kulimia, dume alilolipa jina na kuzungumza nalo njiani. Tajiri mmoja alimganda. Silvano akamtajia bei ya kufukuzia. Yule tajiri akasema sawa, akampa mkono, akatoa fedha pale pale, akalipiga dume alama ya rangi nyekundu pajani. Silvano alisimama langoni na mabunda yake mikononi akalia mbele za watu, mtu mzima na mvi zake, na hakuna aliyemcheka.

Tangu siku ile ya Violeth, Mbwana akawa anaishi na uso wa Silvano. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na angeanzia wapi? Kwamba msimamizi wa chemchemi ameshikana mkono na mgeni juu ya bei yake? Msikitini aliposikia watu wakinong'ona nyuma yake, alisahau yuko rakaa ya ngapi. Alipomwona Abdulrahim akija njiani, alipinda kwenye mihogo ya watu. Faini akaacha kutoza. Wanawake wakaanza kufulia kule Juu waziwazi, wakisubiri awafokee, na yeye akawapita akiwa ameinamisha kichwa. Walishtuka zaidi kuliko kama angewafokea.

Kulikuwa na jambo moja lililomtisha kuliko yote. Alifikiri: nikifa, nitaoshwa kwa maji gani? Na nani atakubali kuyateka kwa ajili yangu?

Alikuwa karibu kujituliza kwamba huenda ni maneno tu, ndipo Kuluthumu aliporudi na ndoo yake kichwani, akaitua kwa kishindo.

"Baba Ikram," akasema. Ikram ni kifungua mimba wao. "Kuna watu wamekuja na gari, wameipaka miti ya Juu rangi nyekundu. Wewe kama msimamizi una habari?"

"Rangi?"

"Rangi. Mimi nikadhani umewatuma."

Mbwana akapanda kilima na magoti yake mabovu, akishika vichaka. Alikuta ni kweli. Kila mti mkubwa una alama, nyekundu, mbichi bado, kwenye kimo cha paja la ng'ombe. Akaweka kidole kwenye mmoja, kidole kikatoka chekundu. Maji yalikuwa yanatoka chini ya mwamba kama kawaida yao, hayana habari. Mbwana akaketi chini. Mnunuzi ameshampiga ng'ombe wake alama. Kilichobaki ni kumswaga.

Sasa mnadani, ili tuambiane ukweli, ipo njia ya kutoka, ila ni nyembamba. Inaitwa kuvunja mkono. Ng'ombe akiwa hajavuka lango, muuzaji anaweza kumfuata mnunuzi mwenyewe, uso kwa uso, amwombe radhi, na amkabidhi jogoo wa kufuta mkono. Mnunuzi akipokea jogoo, biashara imekufa. Akimkataa, basi tena. Mbwana alimtazama jogoo wake mkubwa akiparura uani, akapata tumaini dogo lenye manyoya.

Akaomba kwa Abdulrahim maelekezo ya ofisi ya wale wataalamu, akidai binti alisahau mtandio. Kwa Kuluthumu akasema anakwenda Dodoma, hospitali, kuonyesha magoti.

Kuluthumu akalitazama tenga alilolishika mumewe, na kichwa chekundu kilichochungulia humo.

"Na jogoo naye anaumwa magoti?"

"Wa daktari," Mbwana akajibu, asimwangalie.

Mkewe alitaka kumtania zaidi, akauona uso wa mumewe, akaacha. Akamfungia viazi vya njiani.

Ofisi ilikuwa Dodoma mjini, upande wa Majengo, ghorofa ya pili juu ya duka la vigae. Mlinzi alitaka jogoo abaki nje. Mbwana akasema jogoo ndiye mwenye shida, yeye ni msindikizaji tu. Mlinzi akacheka akampisha. Utani ulimtoka wenyewe, kwa mazoea. Ndani ya kanzu alikuwa amelowa jasho.

Violeth alimkumbuka mara moja. Akainuka, akamwamkia, akampa kiti na chupa ya maji ya dukani. Mbwana akaishika ile chupa, asiulize imenunuliwa kwa ngapi. Angekuwepo Kuluthumu pale, angejua kwa hilo moja jinsi mumewe alivyoogopa.

"Mwanangu," akasema, "nimekuja kuvunja mkono."

Binti hakuelewa. Mbwana akamweleza yote: bei ya kufukuzia, sawa aliyoitamka binti mwenyewe, mkono, Silvano, rangi. Akalisogeza tenga mezani. "Nakuomba radhi. Mpokee huyu, tuyamalize. Ng'ombe hajavuka lango bado."

Violeth akaanza kucheka, kisha akaona mzee hacheki, akaacha.

"Mzee wangu, hukuuza kitu. Lile swali lilikuwa la mfano. Tunawauliza watu ili tupate makisio ya thamani. Mimi siwezi kununua chemchemi; hata kodi ya chumba inanishinda."

"Hukununua?"

"Sikununua, mzee. Halafu jibu lako wala halimo kwenye hesabu. Lilikuwa kubwa mno, lingevuruga wastani wote. Majibu ya namna hiyo huwa tunayatoa."

Mbwana alihisi mwili umekuwa mwepesi hata akaogopa ataanguka kitini. Alisema alhamdulillahi, akairudia, akafuta macho kwa ncha ya kanzu. Angeondoka dakika ile angefika nyumbani akiimba. Lakini udalali ni ugonjwa, na hofu ilipompisha kidogo, dalali akaamka ndani yake.

"Sasa wenzangu walitaja bei gani?"

Violeth akatazama mlango.

"Wengi walikataa kutaja, mzee. Walisema ni maji ya Mungu, si wao wa kuyapangia bei."

"Enhe. Ndiyo heshima hiyo." Mbwana akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaona aibu kwamba yeye hakusema hivyo. "Nao mliwaandikaje?"

"Kile kisanduku cha kwenye simu kinapokea namba tu. Usipoweka namba hakikuruhusu kuendelea mbele." Sauti ya binti ilipungua. "Niliambiwa anayekataa nimwekee sufuri."

Chini dukani mtu alikuwa anakata vigae kwa mashine, na mlio ule ulipanda ukashuka. Mbwana alingoja uishe.

"Wote hao?"

"Wote, mzee. Wachache waliotaja, walitaja kidogo, kwa aibu. Tukajumlisha, tukapata wastani, tukauzidisha kwa kaya zote."

"Ikaja ngapi?"

Binti akageuza kompyuta yake, akamwonyesha kwa kidole. Mbwana akaisoma ile namba, akaipigia hesabu kichwani kwa bei za mnada, kama alivyozoea. Juu, kwa kijiji kizima, haikufikia madume wawili ya kuchinja.

"Na ule mwamba? Mwamba nao mliuulizia?"

"Kwa mwamba hatuhitaji kumwuliza mtu, mzee. Ni mawe mazuri ya kokoto, na mji unajengwa. Kokoto ina bei yake sokoni." Akameza mate. "Kuna mwekezaji anaitaka kokoto ile. Yeye ndiye aliyetupa kazi. Ile rangi ni ya mafundi wake, wanapima njia ya malori. Atakayeamua ataweka namba hii hapa na namba ile pale, aone ipi kubwa."

Hofu ikarudi, na safari hii haikuwa ile ya mtu aliyekosea mnadani. Mbwana alijua hofu ya kupoteza ng'ombe kwa bei kubwa. Hii ya kumpoteza kwa bure hakuwahi kuijua. Alifikiri juu ya majirani zake, mmoja mmoja, wakikaa wima kwenye vigoda vyao na kukataa kwa fahari kutaja bei, na kila aliyekataa akiwasogezea malori njia. Akamfikiria Kuluthumu. Alijua bila kuuliza kwamba naye alikataa.

"Lirudishe jibu langu," akasema.

"Mzee..."

"Lirudishe. Kama ni kubwa mno, tupunguze. Mimi si mtu mgumu, mwanangu, tunaelewana. Sema wewe linatosha ngapi, nitashuka." Alisikia sauti yake mwenyewe ikibembeleza bei ya Juu, katika ofisi ya watu. Lakini hakuacha. "Gawanya mara mbili. Gawanya tena."

"Ripoti imeshaondoka, mzee. Haipo tena mikononi mwangu." Macho ya Violeth yalikuwa yamejaa machozi. Alikuwa mtoto tu, ukimtazama vizuri, na alikuwa anaiogopa kazi yake. "Ila utakuwepo mkutano wa hadhara kijijini kabla ya uamuzi. Sikutakiwa kukuambia haya. Siku hiyo msikatae kutaja. Nakuomba sana. Kila mtu aseme namba, na aseme ameitoa wapi. Mkikataa tena, itaandikwa vilevile."

Mbwana akainuka. Akamchukua jogoo wake, kwa kuwa mkono haukuvunjika, na hapakuwa na wa kumkabidhi.

Alifika Kwamlosa kesho yake, jua likiwa limeanza kulegea. Kuluthumu alikuwa ndiyo kwanza anatoka Juu. Ndoo ilikuwa bado kichwani, maji yakimdondokea begani. Akalitazama tenga.

"Daktari amemkataa?"

Ndipo Mbwana akamwambia. Alisimama uani, akasema yote kwa mfululizo, kuanzia milioni mia tano hadi kokoto, akitazama miguu yake. Alingoja matusi. Alingoja mkewe apige yowe majirani wajae. Kuluthumu akaitua ndoo taratibu, akaketi kwenye kigoda.

"Yule binti aliniuliza na mimi," akasema. "Nikamwambia sikuyaumba mimi, siwezi kuyataja bei. Nikajiona nimejibu vizuri. Nikampa na karanga." Akainua uso. "Mimi aliniandika nini?"

"Sufuri, Mama Ikram."

Kuluthumu alikuwa na mikono mikubwa, iliyopasuka kwa jembe na kamba za ndoo, na sasa aliikunja mapajani kama mtu aliyeambiwa habari za msiba.

"Basi nifundishe," akasema. "Mimi sijawahi kuuza kitu zaidi ya mayai. Mnadani mnaanzia wapi?"

"Unaanza kwa kumsifu ng'ombe."

"Halafu?"

"Halafu unataja." Mbwana akaliweka tenga chini. "Lakini uelewe, Mama Ikram. Ukishataja, mtu anaweza kusema sawa. Hilo ndilo linaloniua. Tukikaa kimya wanachukua bure. Tukitaja, anaweza kutokea mtu akatoa."

"Naelewa."

"Tunaanzia kwako, kisha nyumba kwa nyumba."

"Nimesema naelewa." Akaivuta ndoo, akaiweka kati yao wawili, hapo mavumbini, kana kwamba ni mnyama aliyeletwa kuangaliwa. Maji yakacheza kidogo, yakatulia. Akayasifu, kwa sauti ya mtu anayejifunza. "Ikram aliogeshwa kwa haya. Mama yangu alioshwa kwa haya. Mwaka wa kiu hayakutuacha."

"Vizuri," Mbwana akasema. "Sasa taja."

Kuluthumu akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena, akaitazama ndoo, na machozi yakaanza kumtoka, mtu mzima na mvi zake, kama ya Silvano siku ile langoni.